Hakuna Feni Chumba cha Mizani

Daktari Girijapati Dube alikutwa kifudifudi chini ya meza ya mizani, na kwenye ndevu zake bado kulikuwa na punje za wali wa maziwa aliokula mchana ule. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Pembeni yake ililala stendi ya chuma, ile ya kushikia mirija ya maabara, kitako chake kina damu na unywele mweupe.

Inspekta Devkinandan Ahirwar alichuchumaa, akatazama, akainuka upesi. Maiti hazikumtisha, kazi ilikwisha kumzoesha. Kilichomwinua ni joto.

"Humu hamna feni?"

"Chumba cha mizani hakiwekwi feni, afande," akasema Profesa Bhatnagar, mwalimu wa kemia wa chuo. "Upepo kidogo tu, sahani za mizani zinacheza. Hata madirisha tumeyaziba."

"Sasa Daktari Dube, mtahini wenu, alifuata nini humu?"

Bhatnagar akafuta jasho shingoni. "Hata mimi najiuliza. Tulimwacha chumba cha walimu, ameshiba, amejinyoosha mbele ya feni. Sote tulijua amelala."

Huku kwetu Bundelkhand, katikati ya India, mtahini kutoka chuo kingine hapokewi mikono mitupu. Hupikiwa mikate ya puri, viazi, jibini la mchuzi, wali wa maziwa, na lassi, maziwa ya mtindi ya kushushia. Akishiba analala. Akiamka anatia saini alama za watoto, anapanda gari lake, kwaheri. Anayesema sivyo hajasoma huku.

Kipimajoto cha ukutani kilisoma digrii arobaini. Mji wetu wa Karauna mwezi wa sita hauna mzaha; hata kunguru hutembea kwa miguu kutafuta kivuli.

Sakafuni, karibu na mkono wa marehemu, palikuwa na vipande vya kioo chembamba.

"Na hivi?"

"Chupa ya kupimia imevunjika. Haya mambo ya kila siku, afande. Watoto wa siku hizi mikono yao siagi tupu."

Aliyeiona maiti kwanza ni Ramkripal Kori, mhudumu wa maabara, mzee mwembamba aliyekuwa akiosha mirija ya chuo kile tangu Bhatnagar mwenyewe akiwa mwanafunzi. Mtihani ulipokwisha aliingia kukusanya vyombo, akaona miguu. Sasa alikuwa amekaa sakafuni kwenye ukumbi, kofia yake ya kitambaa mkononi.

Kabla Ahirwar hajamfikia, mkubwa wake aliingia. Mrakibu Bhadauria alikuwa mtu wa masharubu na wa haraka. Alisikiliza nusu ya habari, nusu ya pili akaimalizia mwenyewe.

"Asubuhi marehemu alimmwagia nani chai?"

"Mzee Kori," akasema Bhatnagar kwa sauti ndogo. "Alisema imepoa. Na kwamba mtu wa tabaka lake asimgusie kikombe."

"Alama za vidole kwenye stendi?"

"Za Kori, mkubwa," akajibu askari wa alama za vidole. "Zimejaa. Nyingine hamna."

"Basi. Mfunge pingu."

"Mkubwa," akasema Ahirwar, "stendi zote za humu anazibeba yeye kila siku. Alama zake zitakosaje?"

"Inspekta, wewe na huruma zako kwa watu wa tabaka lenu." Mrakibu akacheka, na askari wawili wakacheka kwa sababu yeye amecheka. "Haya, hoji hao wanafunzi. Ukiniletea mwingine, namfungua huyu. Usiponiletea, namfikisha mahakamani, na kwa kosa hili atanyongwa, huo mshipa wa shingo tuuone wote."

Kori alinyoosha mikono ifungwe. Aliomba tu aruhusiwe kwanza kufunga bomba la maji lililokuwa likidondoka.

*

Mtihani wenyewe haukuwa na makuu. Ni kemia ya mwaka wa kwanza. Kila mwanafunzi hupewa chupa ndogo ya kioo na kimiminika asichokijua. Anapima uzito wa chupa tupu, kisha chupa yenye maji, kisha chupa yenye kile kimiminika. Hapo anatafuta msongamano, yaani kila mililita ina gramu ngapi, na kwa namba hiyo anakitambua ni kitu gani. Kuna mizani moja tu nzima, ya sahani mbili, na iko mle ndani ya tanuri.

Ahirwar aliwahoji mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa Alok Chaurasia, kijana wa nywele za mafuta, mwana wa muuza majani ya tambuu.

"Mchana baada ya chakula ulikuwa wapi?"

"Chumba cha mizani, afande. Sote tulikuwa foleni. Huyu anatoka, yule anaingia."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwisho wa mtihani. Chumba hakikukaa kitupu hata kidogo."

"Mlimwona Daktari Dube?"

"Hapana. Angekuja tungemwona, tulikuwa tumejazana mle kama maembe ndani ya kapu."

Ahirwar hakujua kemia. Aliuliza swali lililofuata ili tu asinyamaze. "Ulipata ngapi?"

"Sifuri nukta saba nane tisa. Ethanoli, afande. Spiriti safi."

Wa pili alisema vivyo hivyo. Wa tatu, wa nne, wa tano, foleni ile ile, namba ile ile. Inspekta akaandika na kuona nyuzi za kamba zikimzunguka Mzee Kori shingoni. Kama chumba kilijaa watu mpaka mwisho, basi Dube aliuawa baada ya wanafunzi kutoka. Na baada yao aliyebaki ni mmoja tu, mwenye ufagio.

Wa mwisho alikuwa msichana mwenye vidole vilivyochubuka, Malti Prajapati, binti wa mfinyanzi. Alikaa wima.

"Ulikuwa chumba cha mizani?"

"Nilikuwemo."

"Wenzako nao?"

Akakawia. "Wenzangu wameshakueleza, afande."

"Ulipata ngapi?"

"Sifuri nukta saba saba mbili."

Ahirwar akainua macho. "Wenzako wote kumi na mmoja wamepata saba nane tisa."

"Najua."

"Basi wewe umekosea, binti."

"Mimi nilipima," akasema Malti.

Inspekta alimhurumia. Kila darasa lina mmoja wa namna hii, akawaza, anayekesha na vitabu na bado anakuwa wa mwisho. Akamruhusu aende.

*

Mahabusu ya Karauna ina dirisha moja lenye ukubwa wa sinia. Kori alikuwa amelala ubavu. Jicho la kulia lilivimba, na kwenye ndoo kulikuwa na matapishi yenye damu. Askari wa zamu alitazama pembeni. Mrakibu alikuwa amepita.

"Mzee," Ahirwar akamnong'oneza, "nisaidie nikusaidie. Nani hasa aliingia kupima?"

"Wote, afande. Watoto wote walipima."

"Wote?"

"Wote."

"Ukisema hivyo unajifungia mlango mwenyewe. Huoni?"

Mzee akafumba jicho lake zima. "Naona."

"Na mke wako yuko nje ya geti tangu jana, kakataa hata maji. Unamficha nani?"

"Simfichi mtu. Afande, kunyongwa kuna rufaa. Kufukuzwa kazi hakuna."

Ahirwar alicheka bila kutaka. Mtu aliyepigwa hivyo hatanii bure. Kuna jambo mzee yule aliloogopa kuliko kamba, na lilihusu kupima.

Daktari wa zahanati ya polisi alikuja, akamgusa tumbo mzee, akamvuta Inspekta kando. "Figo. Kwa joto hili na kwa kipigo kile, mtoeni haraka apelekwe hospitali. Mkimweka hapa mtamtoa amefunikwa shuka."

"Mrakibu hataki atoke."

"Basi tafuteni shuka," akasema daktari.

*

Bi Farzana Siddiqui wa maabara ya uchunguzi wa jinai alifika kesho yake mchana, akiwa na sanduku lake na ulimi wake.

"Nimesafiri tangu alfajiri kwa basi kuja kukupimia spiriti, Ahirwar? Ungesema tu umenikumbuka."

"Fanya mtihani waliofanya wale watoto. Chumba kile kile, saa zile zile."

"Unatafuta nini?"

"Sijui. Kuna watu wawili hawataki kuzungumzia kupima. Mmoja anaelekea kunyongwa."

Bi Farzana alifungua kasha la chupa za kupimia. Matundu kumi na mawili, chupa kumi na moja. Akainua moja kwenye mwanga, akapitisha kidole ndani ya shingo yake, akamwonyesha kidole kile. Vumbi.

"Hii haijaonja maji tangu mvua za mwaka jana."

Nyingine zote zilikuwa hivyo hivyo.

Alizisafisha tatu, akafunga mlango, akaanza kazi. Jasho lilimtiririka mpaka miwani ikamteleza. Ahirwar alikaa kwenye kigoda, haruhusiwi hata kujipepea na gazeti. Mama yule alipima, akahesabu, akapima tena kwa chupa ya pili, kisha ya tatu.

"Sifuri nukta saba saba mbili," akasema.

Ahirwar akasimama. "Umekosea."

"Nimekosea mara tatu kwa namba moja? Hiyo ni bahati nasibu gani?"

"Labda mizani mbovu."

"Nimeijaribu kwa mawe yangu ya uzani. Nzima."

"Labda wamechakachua spiriti. Wametia maji."

"Maji yangeifanya nzito zaidi. Hii ni nyepesi." Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanzu. "Sikiliza. Kitu kikipata joto kinatanuka. Mililita ile ile inabeba gramu pungufu. Hata maji hutanuka, nimelihesabu hilo pia. Saba nane tisa ni namba ya kitabuni, na kitabu kimeandikwa kwa digrii ishirini. Nani kaona digrii ishirini Karauna mwezi huu?"

"Hata maiti hawajaziona," akasema Ahirwar polepole.

"Mimi siamini neno, naamini jaribio. Nakwenda na kiasi cha spiriti hii mjini. Maabara yetu ina kiyoyozi. Nitabadilisha joto tu, vingine vyote nitaviacha vilivyo."

Jioni ya siku iliyofuata simu ililia. "Digrii ishirini, Inspekta. Sifuri nukta saba nane tisa. Spiriti ni safi kama machozi ya mtoto. Sasa niambie, kumi na mmoja wale waliipataje namba hii ndani ya lile jiko?"

Hawakuipata. Ahirwar alikaa na simu mkononi, na furaha yote ya kugundua ikamtoka mwilini. Kama chupa kumi na moja zilikuwa na vumbi, hakukuwa na foleni yoyote. Chumba cha mizani kilikuwa kitupu mchana kutwa, isipokuwa mtu mmoja. Na mtu huyo alikwisha kujitaja mwenyewe.

*

Alok Chaurasia alivunjika upesi, kama wanavyovunjika wote waliojifunza uongo wa pamoja.

"Nani alipima, Alok?"

"Sote, af..."

"Chupa zina vumbi. Na namba yako haiwezekani mle ndani, hata ungepima mpaka uote mvi. Mara ya mwisho. Nani alipima?"

"Hakuna anayepima, afande. Miaka yote. Mle ndani utakufa. Tunakaa ukumbini chini ya feni, tunamwuliza Mzee Kori mwaka huu ni nini, anatuambia, tunampa ya chai. Halafu tunaanza na jibu tunarudi nyuma. Ukijua mwisho, uzito wa chupa unautunga tu. Kaka zetu walifanya hivyo. Hata Profesa alifanya hivyo, anajua."

"Na mkasema foleni."

"Tungesema nini? Tungefutiwa mtihani wote. Mzee Kori mwenyewe alituambia kwa macho tunyamaze."

"Mzee Kori anakufa."

Alok akaanza kulia, kilio cha kitoto chenye makamasi. "Hatukujua watamkamata yeye. Tukishasema, basi tena."

"Nani aliingia chumbani?"

"Malti peke yake. Tulikuwa tunamcheka. Daktari Dube alipita kwenda kunawa, akauliza tunacheka nini. Tukamwambia, kuna mmoja bado anapika mle ndani. Akasema, maskini, ngoja nikamsaidie."

*

Kwa Hariram Prajapati, baba yake Malti, ua mzima ulikuwa umejaa mitungi iliyoanikwa. Malti alikuwa akikanda udongo. Alipomwona Inspekta hakukimbia. Alinawa mikono, akaifuta vizuri kidole kwa kidole.

"Umepima," akasema.

"Nimepimisha. Saba saba mbili."

Uso wake ulifunguka kwa furaha, furaha ya kweli kabisa, na Ahirwar akaona uchungu kuliko kama angelia.

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Mimi pia mara tatu."

"Binti, chuma kile hakina alama zako."

"Nilifunga mkono kwa dupatta, mtandio wangu. Jasho la vidole huongeza uzito wa chupa. Nilikuwa sijaifungua bado."

Baba yake alikuwa amesimama mlangoni, gurudumu nyuma yake bado linazunguka lenyewe. Hakuelewa bado.

"Nieleze," akasema Ahirwar. "Kwa nini?"

Malti alieleza kwa mpangilio, kama anavyoeleza jaribio. "Mwaka jana alikuja yeye huyo huyo. Nilipima, nikapata pungufu ya kitabu. Akaniandikia sifuri. Nilirudia mwaka mzima. Ukifeli mara mbili unafutwa chuo, na kwetu nilipewa ahadi, nikifutwa naolewa. Nilisoma mpaka nikajua kwa nini namba inapungua. Nikasema safari hii nitamweleza."

"Ukamweleza?"

"Alikuwa mpole. Alisema, andika saba nane tisa binti yangu, nakupa alama zote, twende tukapate upepo. Nikamwambia, mtahini, tazama kipimajoto. Akacheka. Akasema, wewe binti wa mfinyanzi ndiye utakayekisahihisha kitabu? Nikasema, basi nikupimie mbele yako. Nilikuwa na chupa tayari, imejaa, imefutwa. Ningeiweka tu kwenye sahani, angeona kwa macho yake. Akaichukua mkononi mwangu, akaiachia sakafuni. Akasema, basi sifuri tena, twende."

Akaokota kipande cha udongo kilichoanguka, akakirudisha kwenye rundo.

"Akanigeuzia mgongo. Stendi ilikuwa pale."

"Kwa nini hukuandika tu?" Baba yake sasa alikuwa ameelewa. "Namba! Namba tu, Malti! Ungeandika tu!"

"Nilikuwa nimepima, baba."

Mfinyanzi akajiangusha miguuni pa Inspekta. Ahirwar alimwinua, akashindwa, akachuchumaa naye.

"Mzee Kori mbona ulimwacha akamatwe?" akamwuliza binti.

"Nilidhani mtapima siku ile ile," akasema Malti. "Nilikupa namba. Nilidhani polisi hupima."

*

"Hapana. Kori hatoki," akasema Mrakibu Bhadauria.

"Mkubwa, amekiri."

"Kwako. Mahakama zetu hazipokei ungamo la mbele ya polisi, na unajua kwa nini." Alijitazama ngumi bila haya. "Mimi ninao mashahidi kumi na mmoja. Watoto wa watu. Wewe unaye kijana mmoja mlia-lia ambaye baba yake keshanipigia simu kwamba anaikana kauli yake. Wengi wape, Ahirwar. Usipowapa, watachukua kwa mikono."

"Wamedanganya wote."

"Lakini wamekubaliana. Nenda ukamweleze hakimu habari ya spiriti kutanuka, uone kama hatasinzia."

Ilibaki njia moja. Ungamo la hiari mbele ya hakimu, polisi wakiwa nje, lina nguvu. Lakini lazima mtu mwenyewe atake, na hakimu lazima amwambie kwamba halazimiki. Na mahakama ya Karauna siku ile ile ilikuwa inafunga kwa likizo ya kiangazi. Kori alikuwa hajala siku ya tatu sasa, na mkojo wake ulikuwa rangi ya chai.

Ahirwar hakumficha binti kitu. Alimwambia wakiwa kwenye baraza la mahakama, baba yake akisikia.

"Ukinyamaza, mimi sina kesi. Utarudi nyumbani na hakuna wa kukugusa. Mzee Kori hatafika mwezi wa saba. Ukisema, yeye anatoka leo kwenda hospitali, na wewe hutoki. Sheria inakuruhusu kunyamaza. Nami sitakulaumu."

"Sema hukumbuki, mwanangu," baba akamsihi. Alimshika uso kwa viganja vyake vya udongo. "Hukumbuki. Joto lilikuwa kali. Ulichanganyikiwa. Sema hivyo tu."

"Nakumbuka, baba."

Akaingia.

Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo mlango waliuacha wazi ili upite upepo, japo upepo wenyewe haukuwepo. Ahirwar alibaki nje kama sheria inavyotaka, mgongo kwenye nguzo, na kila neno lilimfikia. Hakimu, mama mwenye sauti ya uchovu, alimwonya kwamba halazimiki kusema. Alimpa muda wa kufikiri, karani akamletea maji. Akamwonya mara ya pili. Kisha Malti akasimulia yote, bila kulia, na karani Saxena akapiga taipu ya mkono, ta-ta-ta, mpaka mwisho.

"Soma kisha utie saini," akasema hakimu.

Karatasi ikasikika ikigeuzwa.

"Mheshimiwa, hapa kuna kosa," ilisikika sauti ya Malti. "Mimi nilisema saba saba mbili. Hapa imeandikwa nilipata saba nane tisa."

"Ah, hiyo," akasema karani Saxena kwa wema. "Nimekurekebishia. Nilimwuliza mwanangu kwa ujumbe wa simu, anasoma sayansi. Ethanoli ni saba nane tisa, kitabuni ipo. Nimeona huna haja ya kuaibika mbele ya mahakama kuu kwa kosa dogo."

"Si kosa. Nilipima."

"Binti," akasema hakimu, "umekiri kuua mtu. Namba inahusu nini?"

"Ndiyo sababu yenyewe, mheshimiwa. Hivi ilivyoandikwa, mimi na mtahini tulikuwa tunakubaliana. Hivi nimemuua bila sababu."

Hakimu akavuta pumzi. "Nikifuta kwa mkono kwenye ungamo, wakili yeyote atalitupa nje. Kuliandika upya, karani hana karatasi nyingine ya serikali, na ofisi inayozitoa imeshafungwa. Tia saini kama lilivyo, au urudi mahakama ikifunguliwa baada ya likizo."

Ahirwar alikuwa ameshafika kizingitini. Mguu mmoja ndani, na karani angepiga kelele, na ungamo lingekuwa limechafuliwa na polisi. Akasimama palepale, mkono kwenye fremu, ameuma meno.

"Nikisaini," akauliza Malti, "Mzee Kori anatoka lini?"

"Hati yake ya kuachiwa iko hapa mbele yangu. Leo."

Malti aliinama juu ya karatasi. Kupitia mlango Ahirwar aliuona mgongo wake, na kidole chake kikifuata mstari ule, kikisimama chini ya namba, kikikaa hapo. Alikaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba hakimu alianza kukusanya mafaili yake. Kisha akaomba kalamu, akaandika jina lake lote chini ya saba nane tisa, na karani akaipiga muhuri.